Kukokotoa dozi za watoto: maswali ya wanafunzi wa uuguzi Unguja na Pemba

Ukurasa huu ni wa mwanafunzi anayejiandaa na mtihani wa hesabu za dawa, au anayekaribia kuingia wodi ya watoto kwa mara ya kwanza, iwe Mnazi Mmoja, Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee kule Mkoani. Dozi za kwenye mifano zimefuata miongozo ya Shirika la Afya Duniani kwa hospitali zinazotibu watoto. Ni za mazoezi. Wodini unafuata agizo lililoandikwa kwenye chati na mwongozo wa hapo, na muuguzi mwenye usajili awe pembeni yako.

Hesabu yenyewe ni ipi?

Mistari miwili tu:

Uzito wa mtoto (kg) × dozi ya kila kilo (mg) = mg anazohitaji

mg anazohitaji ÷ mg zilizomo kwenye dawa × ml zenye mg hizo = ml za kuvuta

Mtoto ana kilo 8.2, ameandikiwa parasetamoli 15 mg kwa kilo. 8.2 × 15 = 123 mg. Chupa imeandikwa 120 mg/5 ml. 123 ÷ 120 × 5 = 5.125, yaani 5 ml. Basi, imekwisha.

Aliyemaliza skuli ya msingi anaiweza hesabu hii. Kinachowaangusha wanafunzi aghalabu ni kusoma: uzito umesomwa vibaya, "kwa siku" imesomwa kama "kwa dozi", ampuli ya 80 mg imesomwa kama ya 20 mg. Ukiingiza namba mbovu, kikokotoo kitakupa jibu safi la swali ambalo hukuulizwa. Kwa hiyo majibu mengi hapa chini yanahusu kusoma kuliko kuzidisha.

Kwa nini mnasisitiza sana uzito? Si nitachukua ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki?

Uzito wa kwenye kadi ni wa siku ile mtoto alipokwenda kliniki, pengine mwezi mmoja uliopita, akiwa mzima. Leo ana siku tatu anaharisha. Mpime upya.

Mizani ya kuning'iniza, ile yenye uso wa saa na suruali ya kumtia mtoto, husoma mpaka kilo 25 na kila mstari mdogo ni gramu 100. Tundika kwanza suruali tupu, urudishe mshale kwenye sifuri, ndipo umtie mtoto. Wengi husahau sifuri. Kisha simama macho yako yakiwa usawa wa mshale. Ukisoma kutoka chini au kutoka pembeni utaongeza au kupunguza mstari mmoja au miwili. Mtoto akirusha miguu, subiri atulie. Ukisoma mshale unaocheza, unakisia.

Kisha nguo. Kanga aliyofungiwa, sweta, nepi iliyolowa: vyote vina uzito. Tuseme vimefika gramu 300. Kwa mtoto wa kilo 15 hiyo ni asilimia 2, haina neno. Kwa kichanga wa kilo 3 ni asilimia 10, na kila dozi utakayompa itazidi kwa kiasi hicho hicho. Kichanga apimwe mtupu, kwenye mizani ya vichanga.

Andika uzito pamoja na tarehe, na andika "kg". Namba tupu juu ya chati, kwa mfano "12", kuna siku itasomwa kuwa ni umri wa miezi.

Mtoto ameletwa anadegedeka, hakuna nafasi ya kumpima. Nifanyeje?

Kadiria kwa umri. Kanuni inayofundishwa sana kwa watoto wa mwaka 1 mpaka 5 ni (umri kwa miaka × 2) + 8. Mtoto wa miaka 3: 3 × 2 + 8 = kilo 14. Kwa aliye chini ya mwaka mmoja: (miezi ÷ 2) + 4, kwa hiyo wa miezi 8 ni kilo 8.

Andika kwenye chati neno "makadirio" mbele ya uzito huo, na mara tu mtoto anapotulia mpime. Kanuni hizi hazijui kama mtoto ana utapiamlo. Mtoto wa miaka 3 aliyekondeana anaweza kuwa na kilo 9, na ukimhesabia 14 umemzidishia kwa zaidi ya nusu.

Nitajuaje kama dozi ni ya siku nzima au ya mara moja?

Soma mpaka mwisho wa mstari. "mg/kg/siku" ni jumla ya siku, lazima uigawe kwa idadi ya mara. "mg/kg kila saa 6" ni ya mara moja, huigawi.

Amoksisilini ya nimonia inaweza kuandikwa kwa namna mbili: 80 mg/kg/siku igawanywe mara mbili, au 40 mg/kg mara mbili kwa siku. Ni dawa ile ile, kiasi kile kile. Mwanafunzi anayekimbilia namba ataona 80 na "mara mbili", atampa 80 asubuhi na 80 jioni. Mwingine ataona 40 na "mara mbili", atagawa 40 kwa mbili, mtoto apate nusu ya dawa. Kosa la pili ndilo gumu zaidi kulitambua, kwa sababu hakuna anayeshtuka: mtoto haponi tu, na siku ya tatu dawa inabadilishwa.

Zoea kupigia mstari neno "siku" au "kila saa" kabla hujagusa kikokotoo.

Nimekokotoa amoksisilini ya mtoto wa kilo 9, nimepata 360 mg. Jedwali la ukutani linasema kidonge kimoja cha 250 mg. Nani kakosea?

Hakuna aliyekosea. Vidonge vya kuyeyusha vya 250 mg hutolewa kwa makundi ya uzito: kilo 4 mpaka chini ya 10, kidonge 1 mara mbili kwa siku, kilo 10 mpaka chini ya 14, vidonge 2 mara mbili, kilo 14 mpaka 19, vidonge 3 mara mbili.

Fanya hesabu ya kinyume uone. Mtoto wa kilo 4 akipata 250 mg, kila kilo imepata 62.5 mg. Wa kilo 9 akipata hiyo hiyo, kila kilo imepata kama 28. Aliye chini kabisa ya kundi anapata zaidi, aliye juu kabisa anapata pungufu. Waliopanga makundi wamelikubali hilo ili mama aondoke na vidonge vizima, asirudi nyumbani kukata kidonge kwa kisu cha jikoni. Dawa hii ina nafasi pana ya usalama, ndiyo maana inawezekana. Jentamisini, antibayotiki ya sindano, haina nafasi hiyo, na hutaiona ikigawiwa kwa jicho.

Kwenye mtihani, jibu kile ulichoulizwa. Swali likitoa mg/kg, kokotoa. Likisema "kwa kutumia jedwali", tumia jedwali.

Ampuli za jentamisini zinanichanganya. Zote ni 2 ml.

Na zitaendelea kukuchanganya usipozisoma zote mbili kila siku. Kuna ya 20 mg/2 ml na kuna ya 80 mg/2 ml. Maji ni yale yale 2 ml, pengine na kioo cha ukubwa ule ule. Moja ina 10 mg katika kila ml, nyingine ina 40.

Mtoto wa kilo 6.4, dozi 7.5 mg/kg mara moja kwa siku: 6.4 × 7.5 = 48 mg.

Kwa ampuli ya 80 mg/2 ml: 48 ÷ 80 × 2 = 1.2 ml.
Kwa ampuli ya 20 mg/2 ml: 48 ÷ 20 × 2 = 4.8 ml.

Sasa tuseme umezoea ampuli ndogo, stoo imeleta kubwa, na wewe umevuta 4.8 ml kama jana. Mtoto amepata 192 mg, mara nne ya dozi yake, ya dawa inayodhuru figo na masikio. Mzazi hataona kitu siku ile. Uziwi hauonekani siku ya sindano.

Ipo kengele ya kukuamsha: hesabu ampuli. Kuvuta 4.8 ml kunataka kuvunja ampuli tatu. Ukijikuta unavunja ya tatu kwa mtoto mmoja mchanga, weka kila kitu chini, usome lebo upya. Wakati mwingine ni sahihi, kama hapo juu kwa ampuli ndogo. Mara nyingi si sahihi.

Dawa ya unga: nikitia maji 2 ml, si nitapata 2 ml?

Hapana. Unga nao unachukua nafasi. Kichupa cha ampisilini ya 500 mg huchanganywa na 2.1 ml za maji ya sindano, na ukivuta yote utapata 2.5 ml. Ile 0.4 ml iliyoongezeka ni unga wenyewe uliokwisha yeyuka. Kwa hiyo kila ml ina 200 mg.

Mtoto wa kilo 9, dozi 50 mg/kg: 450 mg. 450 ÷ 200 = 2.25 ml.

Makosa yako ya aina mbili. La kwanza ni kugawa kwa maji uliyotia: 500 ÷ 2.1 = 238 mg kwa ml, ukavuta 1.9 ml, mtoto akapata kama 380 mg. La pili ni kutia 2.5 ml "ili hesabu iwe nyepesi", ukapata 2.9 ml, kisha ukavuta zile 2.25 ml: kama 388 mg. Njia mbili tofauti, upungufu karibu ule ule.

Seftriaksoni ya 1 g: 9.6 ml za maji kupata 10 ml kamili, yaani 100 mg kwa ml. Penisilini ya sindano ya uniti 1,000,000 kwa ajili ya msuli: 1.6 ml kupata 2 ml, uniti 500,000 kwa ml. Kiasi cha maji hutegemea mtengenezaji, kwa hiyo namba ya karatasi iliyomo kwenye boksi inaishinda namba uliyoikariri. Na hiyo seftriaksoni usiikutanishe na maji ya dripu ya Ringa lakteti kwenye mpira mmoja: kalisi iliyomo huifanya igande kuwa chembechembe.

Artesuneti, dawa ya sindano ya malaria kali, ina utaratibu gani?

Ina mambo matatu ya kwake peke yake.

Kwanza, kichupa cha 60 mg huyeyushwa kwanza kwa 1 ml ya bikaboneti inayokuja nayo, ukatikisa mpaka maji yawe maangavu. Ndipo unaongeza 5 ml za maji ya chumvi 0.9% au dekstrosi 5% kwa sindano ya mshipa, jumla 6 ml zenye 10 mg kila moja. Kwa msuli unaongeza 2 ml, jumla 3 ml zenye 20 mg kila moja. Maji ya sindano hayatumiki hapa. Ikichanganywa haiwekwi: itumike ndani ya saa moja, inayobaki itupwe.

Pili, dozi inabadilika kwa uzito: aliye chini ya kilo 20 hupata 3 mg/kg, wa kilo 20 na kuendelea hupata 2.4 mg/kg. Mtoto wa kilo 19: 57 mg. Wa kilo 21: 50.4 mg. Mkubwa anapata dawa kidogo kuliko mdogo, na mwanafunzi akiona hivyo hufuta jibu lake sahihi. Usifute.

Tatu, majedwali ya artesuneti hukadiria kwenda juu mpaka ml nzima. Mtoto wa kilo 14 kwa mshipa: 42 mg, 4.2 ml kwa hesabu, 5 ml kwa jedwali. Uliza mwalimu wako anataka ipi kabla ya mtihani.

Malaria kali imepungua sana visiwani, na unaweza kumaliza mzunguko mzima wodini usikutane nayo. Ndiyo sababu zaidi ya kuifanyia mazoezi.

mg, mikrogramu, uniti, asilimia, moja kwa elfu... nizishikeje?

Gramu 1 ni mg 1,000. Mg 1 ni mikrogramu 1,000. Andika "mikrogramu" kwa kirefu, kwa sababu herufi ya Kigiriki inayotumika kuifupisha, ikiandikwa haraka, inasomeka kama m, na dozi inazidi mara elfu. "Uniti" pia iandike nzima. Herufi U iliyoandikwa ovyo hugeuka sifuri, na uniti 4 zikawa 40.

Asilimia ni gramu ndani ya ml 100. Lidokaini ya 2% ni 2 g katika 100 ml, yaani 20 mg kwa ml. Njia ya mkato: zidisha asilimia kwa 10, umepata mg kwa ml.

Adrenalini ya 1:1,000 ni 1 g katika ml 1,000, yaani 1 mg kwa ml. Ya 1:10,000 ni 0.1 mg kwa ml. Mtoto wa kilo 12 aliyepata mzio mkali hupewa kwenye msuli wa paja 0.01 ml kwa kilo ya ile ya 1:1,000: 0.12 ml. Ni matone mawili hivi, nayo yatakuonesha umuhimu wa swali linalofuata.

Na nukta. Andika 0.5, usiandike .5, kwa sababu nukta ikifutika inabaki 5. Andika 5, usiandike 5.0, kwa sababu nukta ikifutika inabaki 50. Kwa simu, "sitini" na "sabini" hazipishani sana. Rudia tarakimu moja moja: "sita, sifuri".

Nitumie bomba gani la sindano?

Dogo kabisa linalotosha kiasi chako. Chini ya 1 ml, tumia la 1 ml lenye mistari ya 0.01. Ukijaribu kupima 0.12 ml kwa bomba la 5 ml, ambalo mistari yake ni ya 0.2, utakuwa unakisia.

Bomba la insulini lina mistari 100 ndani ya 1 ml, na mistari hiyo ni ya uniti za insulini. Lisitumike kwa dawa nyingine ati kwa sababu la 1 ml limekwisha.

Soma kwenye ukingo wa juu wa mpira wa pistoni, ule unaogusa dawa, pete nzima ya mbele. Wapo wanaosoma ncha iliyochomoza na wapo wanaosoma pete ya nyuma. Na toa hewa kabla ya kusoma: povu la hewa la 0.1 ml ndani ya dozi ya 0.4 ml ni robo ya dawa.

Dawa ya kunywa ivutwe kwa bomba la dawa ya kunywa kama lipo. Kama halipo, lisilo na sindano, liandikwe "kunywa" kwa plasta, na lisiwekwe sinia moja na za mshipa.

Nikadirie mpaka nukta ngapi?

Mpaka mstari unaoweza kuuona kwenye bomba lako. Bomba la 1 ml: nukta mbili. Bomba la 2 au 5 ml: nukta moja. Usikadirie katikati ya hesabu, kadiria mwisho tu. Na dozi ya mtoto haivuki kikomo cha mtu mzima hata hesabu ikisema hivyo: kijana wa kilo 72 kwa parasetamoli 15 mg/kg anatoka 1,080 mg, lakini dozi moja inaishia 1,000.

Matone ya dripu yanakokotolewaje?

ml × matone kwa ml ÷ dakika = matone kwa dakika

Idadi ya matone kwa ml imeandikwa kwenye pakiti ya seti, yaani mpira wa dripu. Seti ya kawaida aghalabu ni 20, nyingine 15. Seti ya watoto yenye bureti (kikopo chenye mistari ya ml) ni 60, na hapo mambo ni mepesi: matone kwa dakika yanalingana na ml kwa saa.

Mtoto wa kilo 13 anayewekewa maji ya siku: kilo 10 za kwanza × 100 = 1,000 ml, kilo 3 zilizobaki × 50 = 150. Jumla 1,150 ml kwa saa 24, kama 48 ml kwa saa. Kwa bureti ni matone 48 kwa dakika. Kwa seti ya 20 ni 48 × 20 ÷ 60 = 16. Ukichanganya seti na ukaendesha matone 48 kwenye seti ya 20, maji ya siku yataisha kwa saa nane, na mtoto wa kilo 13 hana pa kuyaweka.

Upungufu mkubwa wa maji mwilini, kwa mtoto wa miezi 8 mwenye kilo 7 asiye na utapiamlo mkali: 30 ml/kg kwa saa 1, kisha 70 ml/kg kwa saa 5. Hivyo 210 ml, matone 70 kwa dakika kwa seti ya 20. Halafu 490 ml, 98 ml kwa saa, matone 33. Hesabu matone dakika nzima mara ya kwanza. Sekunde 15 ni za kukagua tu, kwa sababu kukosea tone moja hapo ni matone manne kwa dakika. Rudi baada ya dakika chache: mtoto akikunja mkono, kasi imekwisha badilika.

Saa za chati na saa za mama hazipatani. Nizipatanishe vipi?

Vitabu vinavyoandikwa kwingine haviligusi jambo hili, na hapa linaharibu dozi kila siku. Chati inasema 14:00. Mama anasema saa nane. Ondoa au ongeza saa sita: 06:00 ni saa 12 asubuhi, 12:00 ni saa 6 mchana, 18:00 ni saa 12 jioni, 00:00 ni saa 6 usiku.

Dawa ya kila saa 6 ukimwandikia mama kwa namba tupu, "6, 12, 6, 12", ataelewa kwa saa zake. Kwa bahati namba hizo zinaangukia pale pale. Lakini dawa ya kila saa 8, "6, 2, 10", kwake ni saa 6, saa 2 na saa 10, na hajui ipi ya mchana na ipi ya usiku. Mwambie: "Saa kumi na mbili alfajiri, saa nane mchana, saa nne usiku," na mwache arudie.

Ukimuuliza, "Bi, dawa ya mwisho umempa saa ngapi?" akajibu "saa mbili", malizia: "Ya asubuhi au ya usiku?" Mwezi wa Ramadhani majibu huwa "baada ya futari" na "wakati wa daku". Futari ni kama saa 12 na nusu jioni, daku huangukia saa 9 au 10 usiku. Kati yake kuna saa tisa hivi. Kwa parasetamoli hakuna tatizo. Kwa antibayotiki ya kila saa 6 kuna dozi moja iliyorukwa.

Mtoto aliyeletwa kwa rufaa, tuseme ametoka kisiwa cha Kojani, kwa mashua kisha kwa gari mpaka Wete, ana barua. Soma barua kabla ya kutoa chochote. Na uliza dawa za dukani kwa majina ya watu: "Panadol", "Calpol", "dawa ya mafua". Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, na mama hawezi kujua.

Mama anatumia kijiko cha chai. Kina ubaya?

Vijiko vya nyumbani havilingani. Kimoja kina 3 ml, cha jirani kina zaidi ya 5. Mpe bomba lisilo na sindano, weka alama kwa kalamu au ukanda wa plasta, umwoneshe: "Vuta mpaka hapa, mama." Kisha avute yeye, kwa maji, mbele yako.

Angalia pia chupa yenyewe. Parasetamoli ya matone ya vichanga huwa na 100 mg kwa ml; dawa ya maji ya kawaida ina 24 mg kwa ml. Aliyezoea 5 ml za pili akipewa chupa ya kwanza, atampa mtoto 500 mg.

Kanuni ya Young na ya Clark bado zinatumika?

Utazikuta kwenye madaftari ya zamani: zinakata dozi ya mtu mzima kwa umri au kwa uzito. Zijue kama zimo kwenye mtihani wenu, usizitumie kwa mgonjwa.

Na eneo la ngozi?

Kwa dawa za saratani na chache nyingine. Kimo (cm) × uzito (kg) ÷ 3,600, kisha kipeuo cha pili. Mtoto wa cm 110 na kilo 18: 0.55, kipeuo chake ni 0.74 za mita ya mraba.

Nitumie kikokotoo cha simu?

Tumia, lakini kisia kwanza kichwani. Kilo 6.4 kwa 7.5: "sita kwa saba na nusu ni arubaini na tano, kwa hiyo iwe karibu na hamsini." Simu ikisema 480, umekosea nukta, na umelijua hilo kabla ya kuvuta dawa.

Nifanye mazoezi vipi nikiwa peke yangu?

Usirudie maswali ya aina moja ishirini mfululizo. La tatu utakuwa huwazi tena. Changanya: kidonge, unga, dripu, uniti, kisha kidonge tena.

Kusanya lebo. Omba maboksi matupu wodini au kwenye famasi, yasiyo na jina la mgonjwa, uyatie kwenye mfuko. Kila jioni chomoa moja bila kuangalia, jitungie uzito, kokotoa. Lebo halisi zina namba nyingi zisizo na kazi, tarehe, namba ya toleo, na jicho linahitaji kuzoea kuzipita.

Kisha vuta kweli. Maji yenye rangi kidogo, bomba la 1 ml na la 5 ml, kikombe. Kokotoa 0.85 ml, uvute, umpe mwenzio asome bila kumwambia jibu. Akisoma 0.8 au 0.9, mmoja wenu hajui mistari. Watu wengi hupata 0.85 kwenye karatasi wasiweze kuionesha mkononi.

Kukagua wawili wawili nako kuna adabu yake. Ukimwuliza mwenzio, "Ni 1.2, sivyo?" atasema ndiyo. Mpe chati na ampuli, akokotoe mwenyewe, ndipo mlinganishe.

Nikigundua nimetoa dozi isiyo sahihi?

Mwangalie mtoto, mwite muuguzi wa zamu hapo hapo, daktari ajulishwe, uandike kiasi halisi kilichoingia na saa. Usisubiri uone kama atabadilika. Ampuli usiitupe, itahitajika kusomwa.

Mna maswali ya kujipima?

Yafanye kabla ya kushuka kwenye majibu.

1. Kilo 6.8, parasetamoli 15 mg/kg, chupa ya 120 mg/5 ml.
2. Kichanga wa siku 4, kilo 3.2, jentamisini 5 mg/kg mara moja kwa siku. Ipo ampuli ya 80 mg/2 ml tu.
3. Kilo 12, seftriaksoni 80 mg/kg mara moja kwa siku, kichupa cha 1 g kilichotiwa 9.6 ml.
4. Kilo 16, anadegedeka, diazepamu 0.5 mg/kg kwa njia ya haja kubwa, ampuli ya 10 mg/2 ml.
5. Kilo 6, sukari imeshuka, dekstrosi 10% 5 ml/kg. Unayo ya 50% na maji ya sindano.
6. Miaka 2, kilo 11, upungufu mkubwa wa maji: 30 ml/kg kwa dakika 30, kisha 70 ml/kg kwa saa 2 na nusu. Seti ya 20.
7. Mama alimpa parasetamoli saa 8 usiku. Agizo ni kila saa 6. Sasa ni saa 1 na nusu asubuhi.

Majibu. La 1: 102 mg, 4.25 ml. La 2: 16 mg, 0.4 ml, kwa bomba la 1 ml. La 3: 960 mg, 9.6 ml, inafanana na maji uliyotia kwa bahati tu, ukiwa na mtoto wa kilo 11 itakuwa 8.8. La 4: 8 mg, 1.6 ml. La 5: 30 ml kwa jumla; 6 ml za 50% na 24 ml za maji. La 6: 330 ml, matone 220 kwa dakika, ambayo hakuna jicho linaloweza kuyahesabu, kwa hiyo unafungua yote na kutazama mistari ya chupa badala ya matone, kisha 770 ml, matone 103. La 7: zimepita saa 5 na nusu, subiri mpaka saa 2 kamili.